Shuka la Shakila

Katika ukoo wa Ilyasi, mafundi magodoro wa Muyinga, mama mkwe ndiye hufua shuka la maarusi Ijumaa ya kwanza, uani, mbele ya mashangazi. Zaituni, mama yake Ilyasi, alilifua la mwanawe na mkewe Shakila saa mbili asubuhi, kwa sabuni ya mche na ndimu mbili. Lilikuwa limeingia chumbani jeupe. Lilipotundikwa kambani lilikuwa na mistari minne iliyolala, yote sawa kwa upana: mweusi juu, kisha kijivu, mweupe, na zambarau chini.

Shangazi Kadidja alisema kitenge cha arusi kimechuja. Zaituni akalifua tena kwa majivu, akalipiga juu ya jiwe mpaka vidole vikachubuka. Mistari ikazidi kung'aa. Akatoa shuka lingine, jipya la dukani, na kesho yake nalo likawa vilevile. Lilipofika la kumi na moja akaacha. Mkuu wa mtaa alipita kuuliza hii ni bendera ya chama gani, maana vyama vyote anavijua. Aliambiwa ni shuka. Akaandika "shuka" daftarini, akanywa chai, akaenda zake.

Shakila peke yake ndiye aliyezijua rangi zile. Kabla ya kuolewa, kwao Gitega, rafiki yake Kasilda, mwalimu wa mtaa wa Mushasha, alimwonyesha kwenye simu bendera ya watu wasiopatwa na tamaa ya kitanda. Shakila alilia kwa furaha, kwa sababu miaka ishirini na tisa alijidhani yuko peke yake duniani. Shakila alimweleza Ilyasi yote mapema, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Ilyasi akasema yeye anatafuta mtu wa kucheka naye. Miaka mitatu walilala mgongo kwa mgongo, wakicheka, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Ila ukoo ulikuwa ukihesabu miezi. Mwaka wa tatu ulipokwisha, Zaituni alimkalisha mkwewe mkekani, akatandaza shuka kati yao.

"Mutoto wangu, usinione haya. Iko nini hii?"

Shakila alionyesha kwa kidole. "Nyeusi ni watu kama mi, mama. Ile tamaa haitufikie. Kijivu ni wale inawafikia mara moja moja, ao mpaka wazoee mutu kwanza. Zambarau ni sisi wote pamoja, hata wenye hatujuane."

"Na nyeupe?"

"Ni wale hawako kama sisi, lakini wanatupenda na wanabakia. Ni Ilyasi."

Zaituni aliweka kiganja kwenye mstari mweupe. Ulikuwa na joto, na mapigo ya moyo aliyoyafahamu tangu mwanawe akiwa tumboni. Zaituni alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Ego, ndiyo, nimesikia. Na ni kweli, nimeisikia na mukono. Lakini nyumba inataka mutoto, Shakila. Donc, basi, utarudi kwenu."

Ilyasi alikuwa mlangoni, pamba za godoro zimemjaa nyweleni. "Mama, mi sijalalamika," alisema. Mashangazi walimjia siku nne, kwa zamu. Siku ya tano alitamka talaka kwa sauti ndogo, macho yake kwenye miguu ya Shakila. Alimpa mto aliojaza kwa mikono yake, akamsindikiza hadi kituo cha magari.

Gitega, uani kwa mama yake, Shakila alilifua shuka akalianika. Mweusi, kijivu, zambarau. Pale palipokuwa na mweupe palikuwa wazi, na mstari wa zambarau ulining'inia chini bila uzi wa kuushika. Kuku wa jirani walionekana kupitia hapo. Mama yake alipitisha mkono, akasema upepo utapita vizuri, litakauka haraka. Shakila aliingia ndani, akaulaza uso kwenye ule mto, akalia mpaka adhuhuri.

Kabla ya Ramadhani Ilyasi alimwoa Farida. Ijumaa ya kwanza Zaituni alifua shuka, na mashangazi wakapiga vigelegele, kwani safari hii waliona doa la damu walilolitaka. Lakini katikati, kutoka kichwani hadi miguuni, ulipita mstari mweupe kuliko shuka lenyewe, usio na doa wala kunyanzi. Farida akauliza ni nini.

"Hiyo iko ya Shakila," Zaituni alisema, akilikamua. "Usilale juu yake."

Sasa wana watoto wawili. Farida hulala upande wa ukutani, Ilyasi upande wa mlango, na pale katikati hakuna anayelala.