Panya Waliokataa Kukumbuka

Mtaani walimwita Shangazi Redio, maana kwake habari haikulala. Na habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya binti wa kaka yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Binti huyo alikuwa mtafiti wa ubongo chuoni, akichunguza kwa nini unavimba, na kwa nini watu wanapoteza kumbukumbu. Shangazi alitia chumvi kidogo, kisha kijiko, kisha kopo zima, hadi mtaa mzima ukajua kwamba dawa ya usahaulifu imeshapatikana.

"Shangazi, wagonjwa wangu ni panya tu," binti alimwonya. "Na kichwa kinachovimba hapa ni chako."

Shangazi alicheka akajishika mbavu, na siku ya binti kutetea utafiti wake wa shahada ya udaktari akamwalika jirani yao, fundi cherehani. Mume wa fundi, mwalimu wa hesabu mstaafu, siku hizi alikuwa akibisha hodi kwenye kabati la nguo. Fundi alifunga duka, akavaa gauni lake zuri, akaja na matumaini.

Ukumbi ulijaa. Binti alisimama mbele, mgongo wima. Alieleza kwamba ndani ya ubongo mna seli za ulinzi. Zikikuta uchafu, zinauvamia.

"Lakini zisipotulia," alisema, "ni kama mlinzi aliyemaliza kumpiga mwizi akawageukia wenye nyumba."

Kwa panya wake, uvimbe huo ulianza kabla hawajasahau lolote. Waliopewa dawa ya kuutuliza mapema waliendelea kuogelea moja kwa moja hadi kwenye kijukwaa kilichofichwa chini ya maji, kama walivyofundishwa.

Shangazi alimpiga fundi kiwiko. "Unasikia?"

Ndipo mtahini mmoja, profesa aliyesifika kwa kuwatoa wanafunzi jasho, akavua miwani. "Na wale waliokwisha kusahau? Dawa yako iliwarudishia kumbukumbu?"

"Hapana. Walizunguka tu majini, kama hawajawahi kuoneshwa njia."

"Na binadamu je?"

"Sijui. Hatujaijaribu kwa watu."

Shangazi alitamani ardhi ipasuke immeze. Fundi aliinuka taratibu, akatoka.

Profesa alifunua kurasa. "Nimesoma kazi nyingi ambazo panya walioshindwa wamefichwa uvunguni. Wewe umewapa sura nzima. Kwa nini?"

Binti alijibu, "Bibi yangu alikuwa akiogeshwa na shangazi yangu, halafu anamwambia, 'Asante, muuguzi.' Hakujua kuwa ni mwanawe. Mtu aliyepitia hayo hastahili kupewa matumaini ya uongo."

Machozi yakamlengalenga Shangazi. Kumbe yule mtoto aliyekuwa akifanya kazi za shule pembeni ya kitanda alikuwa akisikia yote! Akamtazama alivyosimama pale, amesema "hapana" mbele ya ukumbi mzima bila kuinamisha macho, na kifua kikamjaa fahari ambayo hakuna dawa ingeweza kumpa.

Hakungoja matokeo. Alimkuta fundi ameketi kwenye ngazi za nje.

"Nisamehe, dada yangu. Mengi niliyokuambia nilijitungia."

"Kwa hiyo hakuna kitu?"

"Kipo! Amegundua kwamba kwa panya moto unaanza kabla moshi haujaonekana. Ukiuwahi, kumbukumbu zinabaki. Lakini kwa mwalimu wetu, dawa hana. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. "Na wanangu, wakija kurithi?"

"Hilo hajui bado. Ila sasa watafiti wanajua waanze kutazama wakati gani."

Kicheko kikamponyoka fundi. "Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia Redio akisema kuna jambo halijulikani!"

Makofi yalilipuka ukumbini. Wakainuka mbiombio, wakaingia wameshikana mikono. Profesa alikuwa akimpa binti mkono, akimwita "daktari" kwa sauti ya kusikika hadi viti vya nyuma. Shangazi alipenya katikati ya watu, akamkumbatia mtoto wake mpaka karatasi zikamwanguka, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa la kusema.

Fundi naye alifika, akafungua mkoba, akatoa futi yake ya kupimia.

"Simama wima, daktari," alisema, akiikunjua begani kwa binti. "Joho lako nitalishona mimi. La kukodi hulivai."