Tunda la Wagonjwa

Siku ya nne mfululizo mkwewe Violeth alipomwekea epo mezani, Mama Severa alijua kuna jambo anafichwa. Kwao Kibosho, na hata hapa Kariakoo alikokuja kumtembelea mwanawe Benedict, epo ni tunda la kupelekewa mgonjwa. Mtu mwenye afya zake hula ndizi, embe, parachichi. Ukianza kuletewa epo, tena limeoshwa likafutwa likang'aa, basi waliosikia majibu yako wamesikia makubwa.

Na majibu yake aliyasikia mkwe. Jumatatu Benedict alikuwa dukani, kwa hiyo Violeth ndiye aliyempeleka kwa daktari kule Upanga. Baada ya vipimo yeye aliambiwa asubiri kwenye benchi, Violeth akaitwa ndani peke yake. Alipotoka, alisema tu hakuna tatizo. Hakuna tatizo, halafu maepo! Mama Severa si mtoto mdogo.

Kufa kwenyewe hakukumtisha sana. Kilichomnyima raha ni kufa na uongo wake. Miaka kumi na miwili nyuma, Benedict alipomwoa huyu binti wa Masasi, yeye hakuja harusini. Alisingizia mguu. Ukweli ni kwamba alitaka mkwe Mchaga mwenzake, akanuna.

Alasiri ile Violeth alikuwa akimenya vitunguu, sauti za wauza nguo zikipanda kutoka mtaani. Mama Severa akajikaza.

"Mama Vicky, siku ya harusi yenu mguu haukuniuma. Nilikataa tu kuja. Nisamehe."

Violeth akaweka kisu chini. "Mbona unaniambia leo, mama?"

"Nikuambie lini tena? Mimi nakufa. Maepo nimeyaona."

Ilimchukua Violeth muda kuelewa. "Mama, hufi. Daktari kasema una choo kigumu tu, ule matunda. Nikachukua epo, lina nyuzinyuzi za kulainisha tumbo, na sukari halipandishi haraka. Ndiyo maana silimenyi, maganda yana kazi yake. Sasa mambo ya choo ningeanzaje kumwambia mama mkwe?"

Mama Severa alifurahi, na papo hapo aibu ikamshika. Angejua ni mzima, asingesema neno mpaka kaburini.

"Na ile dawa ya kuchua?" Violeth akauliza taratibu. "Kila Krismasi nilikuwa nakutumia chupa, ya huo mguu."

"Nilijichua."

"Mguu mzima, mama?"

"Yote miwili. Kila jioni, mpaka chupa iishe. Nilishindwa kukupigia simu nikushukuru kwa uongo wangu mwenyewe, nikaona angalau nisiitupe."

Violeth alicheka hadi akashika meza, kisha akalia kidogo. Mama Severa akamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.