Vipande vya Picha ya Edelmira

"Picha za zamani huondoka na mgonjwa, mama. Sisi hatuweki," alisema karani wa dirisha la kumbukumbu za hospitali, macho yamegandia kwenye simu.

Edelmira Choque alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, wateja wake wa empanada, zile sambusa za Kichile, kawaachia njaa yao. Walionyweshwa maji yenye sumu ya arseniki utotoni hapa Antofagasta, kaskazini mwa Chile, wanajuana kwa kikohozi, na yeye ni mmoja wao. Uvimbe wa saratani kwenye pafu lake ulikuwa mdogo, unaweza kukatwa. Lakini kipimo kilifichua kinundu kingine juu ya figo ya kushoto, ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Jana yake Daktari Ossandón alimwambia bila kuzunguka:

"Kama saratani imefika huko, hatukupasui. Kama kilikuwepo miaka mitano nyuma, ulipopigwa picha za mawe ya figo, na hakijakua, basi hakina neno. Niletee picha zile. Jopo la madaktari linakaa kesho saa nane mchana. La sivyo, usubiri kipimo cha Santiago, miezi minne."

Pafu halisubiri miezi minne; hata mpika empanada anajua hilo.

Nyumbani alishusha bahasha juu ya kabati. Tupu. Ndipo alipokumbuka, akaketi kitandani. Siku jua lilipopatwa, marehemu mumewe Fermín alizikata zile picha za plastiki nyeusi kwa mkasi wa jikoni, akagawia uchochoro mzima watazamie jua bila kuumia macho. Alimshika Edelmira kidevu, akauinua uso wake. "Tazama, mpenzi! Hata jua limeingia kwenye figo yako!" Alimtamani Fermín sasa hivi, alimtamani mpaka mbavu zikamuuma, na akamlaani kidogo pia.

Akabisha mlango kwa mlango. Wengi walishatupa. Jirani yake Hortensia akaangua kicheko.

"Kile kipande? Nimezibia dirisha la bafu! Miaka yote hii naoga mbele ya figo zako, shoga yangu."

"Kibandue, Horti. Haraka."

Kilikuwa na madoa ya sabuni, lakini safu tatu za picha ndogondogo zilionekana, na pembeni tarehe na nusu ya jina lake.

Saa nane na dakika kumi, hospitalini, katibu wa jopo alikishika kwa ncha za vidole. "Tunapokea diski tu, mama. Na hiki kimekatwa kwa mkasi. Omba miadi upya."

"Ya lini?"

"Machi."

Ilikuwa Novemba. Edelmira alikichukua kipande chake, akatoka, akazunguka uani kupitia kwenye mapipa ya taka hadi nyuma ya chumba cha jopo. Akakikandamiza kwenye kioo cha dirisha kwa viganja vyote viwili. Ndani, madaktari wanne wakainua vichwa. Ossandón akavaa miwani, akasogea, akaanza kufuata safu kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Mlinzi alifika akihema, akamshika bega.

"Mama, huruhusiwi hapa!"

"Ngoja kidogo, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Wananisoma."