Sisemi Ndivyo, Sisemi Sivyo

Navroz alifundisha falsafa ya Kihindi kwenye masomo ya jioni ya chuo kimoja cha Toronto. Aliowapenda kuliko wote ni wale wanafikra wa kale waliokataa kudai kwamba wanajua chochote. Macho hudanganya, walisema. Unachokiona kuwa moshi huenda ni vumbi. Na neno la mtu ni neno tu. Ukiwauliza kama kuna maisha baada ya kifo, walijibu: sisemi ndivyo, sisemi sivyo.

Mkewe Karima, aliyekuja naye kutoka Mwanza, alihudumia wazee majumbani kwao. Majira ya baridi ya 1994, bangili za dhahabu za bibi mmoja aliyekuwa akimtunza zilipotea. Watoto wa bibi hawakwenda polisi. Walikwenda kwa wazee wa jumuiya yao ya dini, kwa kuwa wote walisali pamoja, wakamtaja Karima.

Mume na mke wakaitwa. Karima alisema hakuzigusa. Mwenyekiti akamgeukia Navroz, akamwuliza kwa upole anamfahamuje mkewe. Alikuwa anampa nafasi amtetee, shauri liishe.

Navroz alifikiri kwanza. "Sikuwapo," alisema. "Sisemi kachukua, sisemi hakuchukua."

Wazee wakaahirisha shauri, na kila mtu akaelewa maana yake.

Ndani ya basi la kurudi Flemingdon Park, Navroz alieleza kwamba kumtetea bila ushahidi kungekuwa uongo. Karima alitazama theluji. Walipofika nyumbani alipasha wali moto, akampakulia, akangoja atie kijiko cha kwanza mdomoni.

"Miaka yote unakula ninachopika," alisema. "Hujawahi kudai ushahidi kwamba sijatia sumu."

Kilichomuuma Navroz ni kwamba hata baadhi ya wale wa kale walisema hivyohivyo: ukishabomoa madai yote ya wajuzi, maisha ya kila siku yanabaki palepale, na watu wanaendelea kuaminiana. Alilieleza jambo hilo darasani kila muhula.

Karima alihamia kwa dada yake, mtaa wa Weston. Kazi ya majumbani hakupewa tena. Akaenda kufungasha biskuti kiwandani. Kwenda kusali pia aliacha, maana kila alipokaa, akina mama walisogeza mikoba yao. Bangili hazikuonekana.

Mwezi wa nne Navroz alimfuata kumwambia kwamba anamwamini. Karima alimsikiliza mlangoni mpaka akamaliza.

"Neno hilo lilitakiwa mbele ya wazee," alisema. "Hapa halinifai kitu."

Akafunga mlango taratibu, kwa sababu wapwa zake walikuwa wamelala.