Karatasi ya Maji

Ile sheria niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kila tukikaa kunusa manukato mapya, kati ya karatasi tano za kunusia, moja huchovywa kwenye maji matupu. Anayeisifu ya maji, pua yake imekwisha, na kazi pia.

Sheria hiyo ndiyo iliyonipandisha cheo. Wa kwanza kunaswa alikuwa mchanganyaji mkuu wa manukato, mzee aliyenifundisha kazi tangu nikiosha chupa. Aliyasifu maji mbele ya bodi nzima. "Nina mafua, mwanangu," aliniambia. "Nipe wiki moja." Bodi iliniachia uamuzi, nami sikumpa hata siku. Nikachukua nafasi yake, kisha nikapanda tena, na sasa ni mwaka wa saba nimekalia kiti cha mkurugenzi.

Mwaka jana niliugua. Mwili ukapona, pua ikagoma. Sabuni, kahawa, shingo ya mke wangu, sisikii harufu ya chochote. Nikafunga mdomo. Kwenye vikao nilijifunza kusema wa mwisho: wenzangu wakisifu, nasifu, wakikunja sura, nakunja. Mwaka mzima nimekula kwa pua za watu, tena bila haya.

Jana karatasi zilipangwa na mkuu wa maabara, binti wa yule mzee. Nilimwajiri ili dhamiri inipunguzie kelele, na tangu utotoni ananiita anko.

"Leo bosi atufungulie, aseme wa kwanza," akasema mwenyekiti wa bodi.

Nikanusa zote tano. Patupu. Nikafumba macho kama bingwa, nikainua ya nne.

"Hii," nikasema. "Ni laini, lakini haisahauliki."

"Kabisa, bosi!" Meneja wa mauzo akadakia hata kabla hajanusa. "Mimi naisikia mpaka huku!"

Binti akafungua bahasha ya majibu. Akasoma, akanitazama.

"Ya nne ni maji, anko."

Meneja ghafla akawa na shughuli kubwa kwenye simu yake. Mwenyekiti akavua miwani. Mimi mdomo ukanitangulia.

"Nina mafua," nikasema. "Nipeni wiki moja."

Binti hakucheka. Heri angenicheka. Alikusanya karatasi zake moja moja, akazitia kwenye bahasha.

"Baba alipona siku ya nne," akasema. "Alikuwa anavaa koti lake la kazi kila asubuhi, anakaa kusubiri simu yako."