Pawa Saplai Isiyotoa Cheche

Sista Mwongeli alipoteza funguo zote mbili za gari siku moja, akivuka mto huko Murera kwa miguu kwenda kumzalisha mama mmoja. Gari lenyewe lilikuwa mtumba kutoka Uingereza, na mwaka huo wa 1999 magari ya aina hiyo yalikuwa yameanza kutufikia na ujanja wake. Kontrol boksi, yaani akili ya injini, lilizijua funguo zake halisi tu. Hata ukichonga funguo mpya kumi, stata itazunguka na injini isiwake.

Alituletea boksi lile gereji kwetu Kiganjo, Thika, amelifunga kwa leso kama mtoto wa siku moja.

"Mwanamisi," akaniambia, "nimeuliza hadi Nairobi. Ingine haipatikani. Ukiua hii umeua gari, na hii goti yangu haiwezi tena kwenda Murera na mguu."

"Sitaliua, Sista. Nakuahidi."

Niliahidi haraka, kama ninavyofanya kila kitu. Mimi ni mtu wa kutotulia. Nikiketi, mguu unacheza. Nikingoja, naonekana kama nina deni.

Gereji ilikuwa yangu na kaka yangu Hassan. Yeye alishughulika na waya za magari, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini. Mimi nilianza na redio, kisha tukapata kompyuta ya mkono wa pili, nikaanza kusoma haya maboksi. Kazi yenyewe si uchawi: unaliweka boksi mezani, unalipatia volti kumi na mbili, unaliunganisha na kompyuta, unalifundisha funguo mpya. Shida ni hizo volti kumi na mbili. Betri ya gari haina huruma, waya ukikosea njia inamwaga nguvu yote iliyo nayo. Chaja ya betri ndiyo mbaya zaidi, maana volti zake zinarukaruka, mara kumi na tatu, mara kumi na saba. Nilitaka pawa saplai ya maabara, chombo cha kutoa umeme ambacho unakiambia kikomee wapi.

Kaka Hassan alitaka chaja. "Mbona unatafuta makuu?" aliniuliza siku tatu mfululizo, nami siku tatu nikapanda na kushuka gereji nzima nikimbishia. Siku ya nne tukaenda Ruiru kwa Waweru, anayeuza vyombo vya viwanda vilivyofungwa.

"Niaje fundi! Karibu, karibu," Waweru akasema. "Iko hii chaja, ina nguvu kama ng'ombe. Na iko hii ya lab, imetoka college fulani. Zote zinafanya."

Ile ya maabara ilikuwa na nobu mbili za kuzungusha mbele, moja ya volti na nyingine ya ampea. Hata rangi yake ya kijivu niliipenda.

Kaka Hassan akashika waya zake mbili. Mnajua mafundi wa waya wa zamani wanavyopima umeme? Hawatumii mita. Wanagusanisha waya kwa haraka, na cheche zikiruka, umeme upo. Zikikosa, hakuna. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemfundisha, na ndivyo alivyopima kila betri ya Thika tangu nikiwa mtoto. Akagusanisha waya za chaja: paa! Cheche kubwa, ya buluu. Akagusanisha waya za pawa saplai. Kimya.

"Hii imekufa," akasema.

"Haijakufa, kaka. Hiyo ndiyo..."

"Mwanamisi. Mimi nimeanza hii kazi wewe ukinyonya. Kitu haina cheche, haina moto."

Waweru akacheka, nami nikawaka kwa hasira. Nilijua kwa nini hakukuwa na cheche. Nobu ya ampea ilikuwa imeteremshwa chini kabisa, na chombo kilikuwa kikijizuia, kama kilivyoundwa kufanya. Kutotoa cheche ndiko kulikokifanya kiwe kizuri. Ningeweza kumweleza. Lakini kueleza kungechukua muda, angebisha, Waweru angeendelea kucheka, na mimi subira sina.

Kwa hiyo Kaka Hassan alipogeuka kuitazama chaja mara ya pili, nilinyoosha mkono nikaizungusha nobu ya ampea hadi mwisho.

"Hebu jaribu tena, pengine waya haikushika vizuri."

Paa! Cheche nzuri kuliko za chaja.

"Aa, sasa hii ina nguvu!" akasema, na uso wake ukafunguka. Tukaichukua. Njia nzima hadi Thika nilijiona mjanja. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie, na mara mbili nikajiambia ataelewa baadaye akiniona nikifanya kazi.

Kesho yake asubuhi niliweka volti kumi na mbili, nikashusha nobu ya ampea hadi nusu ya ampea moja, nikaunganisha boksi la Sista. Lilitulia mezani bila sauti wala taa. Mita ilionyesha linakula kidogo tu, sawasawa. Kompyuta ikalisoma. Nilipotaka kuhifadhi nilichosoma kabla ya kuligusa zaidi, disketi ikagoma.

"Kaka, nakimbia kwa Shiko kuazima disketi. Usiguse meza yangu."

"Nani ataigusa?"

Duka la Shiko la kupiga chapa haliko mbali. Nilikwenda mbio nikarudi mbio, na bado nilichelewa. Nilinusa kabla sijafika mlangoni. Kila fundi anaijua harufu ya kitu cha umeme kinapoungua, na haina dawa.

Kaka Hassan alikuwa amesimama mbele ya meza na waya mbili mikononi. Volti zilisoma thelathini. Nobu zote mbili zilikuwa zimezungushwa hadi mwisho.

"Ilikuwa kimya sana," akasema. "Nikasema niipime kama moto inafika. Hakuna cheche. Nikazungusha hii, hakuna. Nikazungusha hii ingine, ikatoa."

"Nani alikwambia uzungushe?"

"Wewe." Hakupandisha sauti. "Nilikuona Ruiru. Ulizungusha kitu, ikawaka. Nikajua ndiyo dawa yake."

Aliniona! Aliona nikimchezea akanyamaza, maana kaka mkubwa atamuuliza vipi mdogo wake mbele ya Waweru? Na mimi nilinyamaza, maana kunyamaza kulikuwa rahisi. Nilichomoa waya. Nikafungua boksi. Sehemu tatu zilikuwa nyeusi.

Sista Mwongeli akaingia hapo hapo, mkoba wake wa kazi begani. "Hodi! Mmefika wapi? Kuna mama Murera ameshikwa na uchungu, nilidhani leo nitaenda na gari."

Kaka Hassan akanitazama, kisha akamgeukia. "Sista, pole sana. Ni hii stima. Imepanda ghafla, ikachoma boksi. Wewe unajua stima ya huku."

Ulikuwa uongo mzuri. Ulitusitiri sote wawili, na hakuna mtu wa Thika ambaye angeukataa. Alikuwa akingoja nitikise kichwa. Shingo yangu ilikataa.

"Siyo stima, Sista," nikasema. "Ni sisi. Nilificha namna hiki chombo kinavyofanya kazi ili kaka akubali kukichukua. Naye akakizungusha akidhani ni sawa. Nilikuahidi, na nimeliua."

Nilingoja Kaka Hassan anifokee. Alivuta stuli akaketi mbele ya pawa saplai, akaweka kidole juu ya nobu ya kushoto. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniuliza jambo la kazi.

"Hii ni ya nini?"

"Volti. Ni ile nguvu inayosukuma. Boksi linataka kumi na mbili, likipewa thelathini linaungua."

"Na hii?"

"Ampea. Ni kiasi unachoruhusu kipite. Ukiiweka chini, hata waya zikigusana haitoi cheche. Hapo ndipo haiwezi kuchoma kitu."

"Kwa hivyo ikinyamaza ndiyo iko sawa."

"Ndiyo, kaka."

Sista Mwongeli alikuwa akitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Ni hayo tu?" akauliza. "Hayo maneno kidogo hivyo ndiyo mlishindwa kuambiana?"

Alilifunga boksi lake katika leso, mafundo mawili, ingawa halikuwa na kazi tena. Kisha akaurekebisha mkoba begani, akashika goti lake kwa mkono mmoja, akatoka kwenda Murera kwa miguu.