Kisu cha Bonareri

Darasa la uhunzi la Suneka lilifanyika Jumapili, kwa kuwa mwenye karakana, Nyamongo, ni Msabato na Jumamosi hagusi nyundo. Wanafunzi walikuwa wawili. Joyline, mpishi wa hoteli, alitaka kisu cha nyama kisichomwaibisha mbele ya wateja. Orpah, mwalimu mstaafu, alitaka kisu cha kumenyea ndizi, na chuma chake alikuja nacho ndani ya mkebe wa majani chai.

Mkebeni mlikuwa na ebitinge vya nyanya yake, Bonareri: zile pete za chuma walizovaa wake wa Kisii miguuni tangu kuolewa. Mume akifa, mke alibaki navyo, maana kifo hakikuvunja ndoa. Aliyevivua ndiye aliyeivunja. Ukoo mzima ulijua kwamba Bonareri alivivua mwenyewe baada ya msiba, na ndiyo sababu alizikwa nje ya ua, kando ya barabara, kama mpita njia. Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa. Orpah alitaka mifupa iingizwe bomani kabla tingatinga halijafika, na mwenye boma, baba yake mdogo Machogu, alikuwa amekataa.

Kwa nini kisu, basi? Orpah alisema anataka kitu cha nyanya kinachofanya kazi, kwa sababu mkebe umekaa kabatini miaka hamsini bila kufanya lolote.

Nyamongo aliinua pete moja kwenye mwanga.

"Hivi havikuvuliwa, Mwalimu," alisema. "Vimekatwa kwa patasi, vikiwa mguuni. Ona alama."

Kisha akaendelea na somo. Chuma cha ebitinge ni laini, hakishiki makali. Kwa hiyo waliweka kipande cha springi ya gari katikati ili kikate, wakazinyoosha pete na kuzibana huku na huku ziwe mashavu ya kisu. Orpah alizungusha feni ya makaa hadi vyote vikawa vya manjano. Akaviweka juu ya fuawe, akapiga.

"Machogu, mwanangu, polepole," ikasema sauti ya mwanamke mzee kwa Kigusii. "Mguu unauma."

Orpah aliiacha nyundo hewani.

"Usingoje," Nyamongo akamwambia. "Kikipoa hakitashikana."

Akapiga tena, na sauti ikasema tena. Orpah alilia huku akipiga, kwa sababu chuma hakingoji mtu amalize kulia.

"Fundi, mbona yangu haisemi?" Joyline aliuliza.

"Yako ni springi tupu ya matatu. Ikisema, tutasikia matusi tu."

Ilichukua Jumapili nne kupiga, kupiga tupa, kuchovya kwenye mafuta na kutia mpini wa mkaratusi. Kilitoka kimepinda kidogo upande wa ncha, jambo la kawaida kwa mwanafunzi. Nyamongo alikitazama, akasema ameona vibaya zaidi.

Jumatano iliyofuata Orpah alikwenda Nyamarambe, bomani kwa Machogu, na mkungu wa ndizi mbichi. Wazee watatu walikuwa wameitwa kusikiliza neno lake. Aliomba sufuria, akaketi kwenye kigoda mbele yao, akaanza kumenya.

"Machogu, mwanangu, polepole. Mguu unauma."

Kwa kila ndizi. Zilikuwa ndizi thelathini na moja. Kuku mmoja alipita, hakuna aliyemfukuza.

Machogu, ambaye ana miaka sabini na minne na goti bovu, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ni yeye," alisema. "Aliniita mwanangu, na mimi ni wa mke mwenzake."

"Ulishika patasi, Baba?"

"Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Baba zangu wadogo ndio waliomshika mguu."

"Basi hakuvivua."

"Hakuvivua."

Mzee Ogoti, mkubwa wa wale watatu, alikohoa. Akamshukuru Mungu kwamba ukweli umejulikana, kwani ukweli ni jambo jema. Akasema pia kwamba shamba liligawanywa bila nyumba ya Bonareri, kufuatana na yale yaliyojulikana wakati ule, hati ikatoka, na mkaratusi ukapandwa.

"Na kaburi haliingii peke yake, binti yangu. Huingia na watoto wake."

Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Ndizi ziliiva, zikaliwa. Machogu pekee hakula. Alimsindikiza Orpah hadi nje ya lango, akavua kofia mbele ya kaburi, akasimama hapo kitambo. Orpah alingoja. Machogu akavaa kofia, akarudi ndani, akafunga lango.

Tingatinga lilifika Jumanne, likapita juu ya kaburi. Barabara ni nzuri sana, hata wanaolalamika kila siku wanakiri. Siku hizi lori la majani chai halikwami hata mvua ikinyesha wiki nzima.

Kwa Orpah chakula huchelewa. Wajukuu wamezoea, na mgeni akiuliza ni nani anayesema jikoni, huambiwa ni nyanya, naye huridhika. Orpah angeweza kununua kisu kingine sokoni, lakini hataki mwingine akishike hiki. Sauti bado inamwita yeye Machogu. Orpah hairekebishi. Anamenya polepole.